Sukari iliyomo kwenye chanjo ya mtoto

Mtoto akifikisha wiki 6, kisha 10, kisha 14, kadi ya kliniki humwita kwa chanjo ya tano kwa moja na ile ya nimonia. Zinakinga nini, wazazi wengi wanajua. Kilichomo ndani husemwa mara chache, nacho ni sukari.

Si ya chai. Bakteria wa nimonia, na mwenzake Hib, anayekingwa na tano kwa moja na anayeleta pia homa ya uti wa mgongo, hujivika ganda la minyororo mirefu ya sukari ili chembe nyeupe za damu zishindwe kuwameza. Mwili ukilijua ganda hilo, umewaweza. Ila mtoto chini ya miaka miwili hafundishiki vizuri kwa sukari tupu. Marekani iliruhusu chanjo ya namna hiyo dhidi ya Hib mwaka 1985, na haikuwafaa wachanga, ambao ndio walioihitaji zaidi.

Njia ilikuwa imeshaonekana tangu 1929, wanasayansi Avery na Goebel walipounganisha sukari na protini. Mojawapo ya mbinu za leo ni hii: kemikali iitwayo peryodeti hupasua baadhi ya pete za sukari, na pale palipopasuka hushikana na protini, mara nyingi ya pepopunda au dondakoo iliyokwisha kuondolewa sumu. Chembe za kinga huitambua protini, zikawasukuma watengenezaji wa kingamwili waikumbuke na sukari iliyoshikamana nayo. Wacuba walikwenda mbali zaidi, na kwangu hao ndio mafundi hasa: Vicente Vérez Bencomo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Havana waliiunda sukari ya Hib maabara, bila kuivuna kwa bakteria. Chanjo yao iliruhusiwa Cuba mwaka 2003.

Sukari hii haileti kisukari. Dozi moja ina mikrogramu chache tu. Paja likivimba kidogo au joto likipanda siku moja au mbili, ni kawaida. Endelea kunyonyesha, usilichue wala kulipaka dawa. Homa ikizidi kuwa kali, au mtoto akipata degedege au akashindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Tarehe ikikupita, usikae nyumbani kwa kuogopa kukaripiwa. Nenda na kadi. Dozi alizokwisha kupata bado zinahesabika. Mhudumu ataangalia umri wa mtoto, kisha aendelee pale mlipoishia.