Leseni ya Redio Yako Inakaribia Kuisha? Anza na Haya

Meneja wa redio ya wilayani halali. Leo umeme umekatika, kesho mtangazaji nyota kahamia Dar. Leseni hukumbukwa muda wake ukibaki wiki mbili. Usifike huko.

1. Itoe kabatini uisome. Utakuta si karatasi moja: kuna leseni ya maudhui na ya masafa, na huenda haziishi siku moja. Shika tarehe ya mapema zaidi, kisha soma masharti uone maombi yanatakiwa kufika lini. Walio Zanzibar wana milango miwili: maudhui kwa Tume ya Utangazaji, masafa kwa TCRA.

2. Maliza madeni. Omba taarifa ya ada zako kwenye ofisi ya kanda ya TCRA, iwe Mwanza, Arusha, Mbeya au Dodoma. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu. Anayekuambia "nitumie kwenye simu nikusukumie faili" mwache aende zake.

3. Linganisha karatasi na mtambo. Hapa ndipo vituo vingi huumbuka. Leseni inasema mnara uko mlimani, kumbe ulihamishiwa nyuma ya soko mwaka juzi. Fundi aliongeza nguvu ya mtambo kidogo "ili tusikike hadi wilaya ya pili", na jirani yako kwenye masafa sasa anakoroma. Bendi ya FM, kuanzia 87.5 hadi 108 MHz, ni ya kugawana, na wakaguzi wana vipimo. Mwite fundi apime masafa, nguvu na antena, akuandikie ripoti, urekebishe kabla hujaulizwa. Na kama kweli unataka kufika wilaya ya pili, omba eneo hilo rasmi.

Hisa nazo ni vivyo hivyo. Mwenzako akiuza sehemu yake kimyakimya, mwenye shida ni kituo. Kwenye huduma za maudhui, wageni hawaruhusiwi kuzidi asilimia 49.

4. BRELA na TRA. Majina ya wakurugenzi yafanane kila mahali, na uthibitisho wa kodi uwe wa mwaka huu. Basi.

5. Tunza faili la vipindi. Ratiba, rekodi za matangazo, malalamiko ya wasikilizaji na majibu mliyotoa. Kama mliwahi kuitwa na Kamati ya Maudhui, weka na barua ya hatua mlizochukua. Kuificha hakusaidii, wao wana nakala. Lugha ya matangazo ni Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kile kipindi cha kilugha cha alfajiri, kinachopendwa na wazee, kitafutie kibali. Redio jamii ziongeze mihtasari ya vikao na wananchi. Kwa maoni yangu, hiyo ina uzito kuliko mpango wa biashara wenye kurasa arobaini.

6. Waandishi wako wawe na ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka hivyo, na Bodi ya Ithibati sasa inafanya kazi.

Ukishawasilisha maombi, hifadhi uthibitisho wa kupokelewa na ufuatilie mwenyewe kila wiki. Kurusha matangazo bila leseni hai ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, hata kama wilaya nzima inakusikiliza.