Data za Utafiti wa Newala na Masasi: Namna ya Kuzitunza Zisipotee

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi, akapanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Alikuwa na kamera na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akawanasa wenyeji wakiimba. Nta haipendi joto, huota ukungu, na hulika kila inapochezwa. Hata hivyo sauti hizo zipo mpaka leo katika hazina ya fonogramu ya Berlin. Hazina hiyo ilikuwa na utaratibu wa kutengeneza kalibu za shaba za mitungi yake ili nakala mpya ziweze kutolewa. Sauti ziliambatana na maandishi ya mahali na watu. Tena kulikuwa na taasisi iliyojifunga kuzitunza, hata baada ya Vita Kuu ya Pili ambapo sehemu kubwa ya hazina ilipelekwa Leningrad na baadaye kurudi Berlin. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Nakala, maelezo na taasisi: utafiti mwingi unaofanyika leo Newala na Masasi unakosa angalau kimoja kati ya hivyo vitatu. Mwanachuo anahoji kaya za wakulima wa korosho, anaandika tasnifu, anahitimu, na majibu yote yanabaki kwenye laptopu ambayo mwaka unaofuata imekufa. Mradi wa maji unafungwa, na vishikwambi vinagawiwa vikiwa na kila kitu ndani. Wala si tatizo la kwetu peke yetu. Mwaka 2014 Timothy Vines na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza makala 516 za biolojia zenye umri wa miaka 2 hadi 22. Waliona kuwa uwezekano wa kuzipata data za makala ulipungua kwa asilimia 17 kila mwaka baada ya kuchapishwa. Anwani za barua pepe zilikuwa zimekufa, na data nyingine zilikuwa kwenye diski ambazo hakuna tena mashine ya kuzisoma.

Kwa uwanda wa Makonde hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkorosho ni zao la miaka mingi, na jaribio la aina mpya lililoanzishwa leo huenda likamaliziwa na mtu mwingine kabisa. Korosho za Tanzania zilifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha zikaanguka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Wapo wanaotaja ugonjwa wa ubwiriunga, wapo wanaotaja watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba mbali, wapo wanaotaja bei. Ukitaka kupima kila sababu ilichangia kiasi gani, unahitaji kumbukumbu za shamba kwa shamba. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazozaliwa leo kwenye simu za maafisa ugani na vitabu vya vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS).

Wingu si kabati la milele

Anza na kanuni ambayo wapiga picha na watafiti wameitumia kwa miaka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali na zilipo nyingine. Aliyeko Newala anaweza kuwa na nakala ya kwanza kwenye laptopu, ya pili kwenye diski ya nje iliyofungiwa ofisini kwa mtu anayeaminika, na ya tatu kwenye wingu au kwenye seva ya chuo chake. Flashi isihesabiwe. Ni chombo cha kubebea kazi kwenda steshenari, na huko huko ndiko huokota virusi.

Wanaokusanya data kwa kishikwambi, kwa programu kama KoboToolbox au ODK, wana bahati moja kubwa: fomu hujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye. Iwe desturi ya kila jioni kutuma fomu zote pale mtandao unapopatikana, kisha kuhesabu. Kama wadodosaji wameleta fomu 64 na kwenye seva zimefika 61, zitafute hizo tatu usiku huohuo, kabla kishikwambi hakijadondoka kutoka kwenye bodaboda. Picha na sauti ni nzito, kwa hiyo zigawe katika mafaili madogo na uzipandishe usiku, bando linapokuwa nafuu na mtandao mwepesi.

Wengi wakishaweka kazi kwenye wingu hujiona wamemaliza. Lakini wingu ni kompyuta za kampuni fulani, na zina masharti. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Akaunti ya barua pepe ya chuo huweza kufungwa ukishahitimu, nayo huondoka na kila ulichohifadhi humo. Ukifuta faili kwenye laptopu iliyounganishwa na wingu, kule nako linafutika, na pipa la taka la Google Drive hulishikilia siku 30 tu. Kosa la mkono mmoja linafika pande zote mbili.

Zaidi ya hapo, majengo yanaungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa na nakala zao katika kituo hicho peke yake walizikosa moja kwa moja. Mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Data zilikuwa salama huko zilikokuwa, ila hazikufikika. Ndiyo maana diski ya nje iliyo kabatini bado ina kazi.

Maelezo yanayozifanya data zisomeke

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu baada ya kusoma makala haya, fanya hili: kaa uandike maelezo ya data zako. Data zisizo na maelezo hufa zikiwa bado zinaonekana kwenye skrini.

Tazama mfano wa wazi. Wizara ya Maji iliwahi kuorodhesha vituo vya kuchotea maji nchi nzima, Mtwara ikiwemo, na orodha hiyo ikawekwa wazi. Vituo 59,400 kati ya hivyo vikatumika katika shindano la kimataifa la kubashiri pampu zipi ni mbovu, na maelfu ya wanafunzi duniani wamejifunzia kazi ya data humo. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila ukiifungua safu ya mwaka wa ujenzi unakuta mistari zaidi ya 20,000 imeandikwa 0. Sifuri hapo maana yake ni kwamba mwaka haujulikani, lakini kompyuta huisoma kama mwaka 0 na kuharibu kila wastani. Katika safu ya waliojenga wamo FinW, Fini Water na FINN WATER. Mtu wa Masasi au Newala anatambua mara moja kuwa hao wote ni Wafini, ambao serikali yao ilifadhili miradi ya maji Mtwara na Lindi tangu mwaka 1972 hadi miaka ya 1990. Mwanafunzi wa Brazili atawahesabu kuwa watu watatu.

Mipaka nayo hupotosha. Sensa ya 2002 iliipa Wilaya ya Masasi watu zaidi ya 440,000. Ile ya 2012 ikaipa karibu 248,000. Asiyejua atadhani watu wamehama, kumbe Nanyumbu imekuwa wilaya inayojitegemea na mji wa Masasi umehesabiwa peke yake. Vivyo hivyo, takwimu za Newala za mwaka 1988 zinabeba ndani yake eneo ambalo leo ni Tandahimba. Ukiandika “Newala” tu bila kusema ni Halmashauri ya Wilaya au ya Mji, na kwa mipaka ya mwaka gani, umemtegea mwenzako.

Maelezo hayahitaji ufundi. Faili moja la maandishi ya kawaida, liitwe SOMA_KWANZA, likae katika folda ileile yenye data. Linaweza kusema hivi:

“Data hizi zinahusu kaya zinazolima korosho katika kata tatu za Halmashauri ya Wilaya ya Newala. Zilikusanywa Oktoba 2024 kwa mahojiano ya ana kwa ana, kwa Kiswahili na Kimakonde. Safu ya ‘mavuno’ ni kilo za korosho ghafi za msimu uliopita kwa makadirio ya mkulima mwenyewe, si kwa mizani. ‘Bei’ ni aliyolipwa mkulima baada ya makato ya ushirika, si bei ya mnada. Alama -99 maana yake hakujibu; 0 maana yake hakuvuna kitu.”

Sentensi ya bei peke yake inaweza kuokoa utafiti mzima, maana kila msimu watu hubishana wakitaja bei mbili tofauti za korosho zilezile.

Mengine ni madogo lakini yana faida. Andika tarehe kwa mtindo wa 2024-10-03, kwani 03/10 wengine watasoma Machi. Jina la faili libebe kilichomo, mahali, tarehe na toleo, kama kaya_newala_2024-10-03_toleo2, kuliko “MPYA ya mwisho kabisa”. Faili ghafi la kwanza lisiguswe kamwe; usafishaji wote ufanyike kwenye nakala. Na jedwali la mwisho lihifadhiwe pia kama CSV, ambayo programu yoyote husoma. Uingereza mwaka 2020 ilikosa kwa siku kadhaa kuripoti karibu wagonjwa 16,000 wa korona kwa sababu walitumia muundo wa zamani wa Excel unaoishia mistari 65,536. Iliyozidi ilikatwa bila onyo.

Hazina ya kidijitali

Kazi ikikamilika, data zihame kutoka kwenye mikono yako. Hazina ya kidijitali inatofautiana na wingu kwa jambo hili: taasisi imejifunga kuzitunza kwa miaka mingi, na inazipa namba ya kudumu iitwayo DOI, ambayo hata tovuti ikibadilika itamfikisha msomaji palepale. Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kuendeshwa na taasisi ya utafiti ya CERN iliyoko Uswisi, ni ya bure, inapokea hadi gigabaiti 50 kwa kila kifurushi, na inamruhusu mtafiti asiye na chuo kuweka kazi yake. Unaweza kuifungua kwa wote, au kuonyesha maelezo tu na kuzuia data zenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SUA na MUHAS vina hazina zao. Zina tasnifu nyingi, kwa hiyo muulize mkutubi kama anapokea na majedwali pamoja na fomu za mahojiano. Wanaonasa Kimakonde, Kimakua au Kiyao wanaweza kuuliza pia ELAR, hazina ya lugha zilizo hatarini kutoweka, iliyohamia Berlin kutoka London mwaka 2021.

Yapo ya kuzuia, na hapa nasisitiza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi. Seva za wingu nyingi ziko nje ya nchi. Kwa hiyo kabla ya kupandisha chochote, soma kibali chako cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na, kwa utafiti wa afya, masharti ya kamati ya maadili.

Kufuta jina hakutoshi kijijini. Mjane mwenye mikorosho 400 katika kitongoji cha kaya thelathini anajulikana hata akiitwa namba 17. Vipimo vya GPS ndivyo vinavyofichua zaidi: desimali tano zinaelekeza karibu na mlango wa nyumba, desimali mbili zinabakiza eneo la kama kilomita moja. Toleo la wazi libaki na desimali mbili, na lile kamili litunzwe kwa neno la siri. Na wakati wa kuomba ridhaa, mweleze mhojiwa kwa lugha anayoielewa kwamba majibu yake yatahifadhiwa, wapi, na nani ataweza kuyaona. Usipomwambia siku hiyo, baadaye huna ruhusa ya kuyaweka popote.

Gharama za haya yote ziingie kwenye bajeti tangu pendekezo la utafiti: diski mbili za nje, bando la kupandishia, na siku za kusafisha na kuandika maelezo. Weka pia fedha ya kurudi kijijini. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye jina la hazina na namba ya DOI chini yake, uchapishwe na kupelekwa kwa mtendaji wa kijiji, chama cha msingi na maktaba ya halmashauri. Uombe upigwe muhuri wa kupokelewa na uwekwe kwenye faili la ofisi, ili hata mtendaji akihamishwa, anayekuja aukute.