Albatrosi: Safari Ndefu na Yai Linalosubiri Nyumbani

Leo tunashuka kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga pwani yetu, mpaka visiwa vya Crozet ambavyo ni milki ya Ufaransa. Huko ni baridi, miti hakuna, na upepo hauishi. Ndiko anakozalia albatrosi mkubwa, ndege wa baharini ambaye hakuna ndege mwingine aliye hai anayemzidi kwa upana wa mbawa. Akizikunjua hufikia mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha. Yaani mlangoni kwako hapiti!

Swali letu ni hili: ndege aliyezoea kuzurura bahari nzima anarukaje akiwa na yai au kinda nyumbani?

Tuanze na kiota. Ni kichuguu cha udongo na nyasi, na ndani yake kuna yai moja tu, uzito wake karibu nusu kilo. Moja tu, na likipotea hataga jingine msimu ule. Yai hilo huatamiwa kwa wiki 11 hivi, kwa zamu, baba na mama. Anayeatamia hali chochote. Anakaa pale na njaa yake, siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi, mpaka mwenzake arudi. Na mwenzake asiporudi? Huendelea kukaa huku akikonda, lakini mwili una mwisho wake. Ikifika hapo huliacha yai na kwenda baharini kutafuta chakula. Ukilijua hilo, utaelewa kwamba safari ya yule aliye baharini si matembezi. Ana deni la siku.

Kwa muda mrefu watu hawakujua ndege huyu huenda wapi akitoka kiotani. Wataalamu wawili wa Kifaransa, Pierre Jouventin na Henri Weimerskirch, waliwafunga albatrosi wa Crozet vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, na mwaka 1990 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Kumbe katika zamu moja tu ya kuatamia, ndege aliyekwenda kutafuta chakula alisafiri kati ya kilomita 3,600 na 15,000. Kwa siku moja aliweza kufika kilomita 900, na kasi yake ilifikia kilomita 80 kwa saa. Basi la abiria hilo, tena lisilosimama kushusha mtu.

Sasa utauliza, nguvu hizo anazitoa wapi? Jibu linashangaza kidogo: hatumii nguvu nyingi. Hebu fikiria upepo unaovuma juu ya bahari. Karibu kabisa na maji upepo hupungua kasi kwa sababu unasuguana na mawimbi, lakini ukipanda mita chache tu juu, unavuma kwa nguvu. Albatrosi anaitumia tofauti hiyo. Anapanda akiuelekea upepo, akifika juu kama mita 10 au 15 anageuka, kisha anateleza kushuka upepo ukimsukuma, mpaka karibu aguse wimbi. Halafu anageuka tena na kupanda. Hivyo hivyo saa baada ya saa, na mbawa hazipigi. Begani ana kano inayofunga bawa likae limenyooka, msuli usichoke. Waliopima mapigo ya moyo wake walikuta kwamba akiteleza na upepo mzuri, moyo unadunda karibu sawa na akiwa ametulia kiotani. Kinachomchosha ni kutua majini na kuruka upya. Ndiyo maana siku isiyo na upepo ni siku mbaya kwake, huonekana amekaa tu juu ya maji akisubiri.

Ndiyo maana pia hanyooki kama mshale. Anazunguka, anakwenda upande ambao upepo unamfaa, na kurudi kwa njia nyingine, huku akitafuta ngisi na samaki, na pua yake ikimsaidia sana. Kuna jambo lilichapishwa mwaka 2012 ambalo mimi sikulitegemea. Pepo za magharibi katika bahari ile zilikuwa zimeongezeka nguvu kwa miongo kadhaa, na safari za albatrosi wa Crozet zikawa fupi kwa siku, uzazi ukafanikiwa zaidi, na ndege wenyewe wakaongezeka uzito kwa zaidi ya kilo moja. Upepo ulivyobadilika, anayesubiri kiotani akasubiri siku chache.

Yai likianguliwa, kama mwezi wa tatu hivi, utaratibu wa kuruka hubadilika kabisa. Kwa karibu mwezi mmoja mzazi mmoja hubaki kumfunika kinda asife kwa baridi. Baadaye wote wawili huondoka na kinda hubaki peke yake kiotani, majira yote ya baridi ya kule. Wazazi huja kila mmoja kwa wakati wake, wanamlisha, wanaondoka.

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa maoni yangu. Mzazi huchanganya safari za aina mbili. Kuna safari fupi, siku mbili tatu hivi, karibu na kisiwa. Hizo zinamletea kinda chakula mara kwa mara, lakini mzazi mwenyewe anakonda, kwa sababu karibu kila anachopata kinakwenda kwa mtoto. Halafu kuna safari ndefu, siku kumi au zaidi, mbali kwenye bahari kuu. Huko mzazi anajilisha na kurudisha uzito wake. Akifanya fupi tupu ataisha, akifanya ndefu tupu kinda atalala njaa. Kwa hiyo anapokezanisha, na uzito wa mwili wake mwenyewe ndio unaoamua safari ijayo iwe ipi. Kinda naye anakula mpaka kuna wakati anakuwa mzito kuliko wazazi wake!

Lakini safari hizo ndefu zina hatari. Meli za kuvua jodari hutandaza kamba ndefu, nyingine zaidi ya kilomita 50, yenye ndoano maelfu. Albatrosi huona chambo kabla hakijazama, anakidaka, ananaswa na kuzamishwa. Majike wa Crozet huelekea kaskazini zaidi, kwenye maji ya vuguvugu ambako ndiko hasa meli za jodari ziliko, wakati madume huelekea zaidi kusini. Kwa hiyo majike walikufa wengi zaidi. Na kila jike aliyenaswa msimu wa kuzaa aliacha dume kiotani, akihesabu siku. Dawa zipo na si ngumu: kutandaza kamba usiku, kuweka vizito ili ndoano zizame haraka, na kuburuta nyuma ya meli kamba zenye vitambaa vya kuwatishia ndege. Meli zinazofanya hivyo hunasa ndege wachache sana.

Kinda huruka mwezi wa 11 au wa 12, baada ya karibu miezi tisa kiotani. Hakuna anayemfundisha. Siku anayoondoka wazazi mara nyingi hawapo, wako baharini. Anasimama kwenye mteremko, anafungua mbawa, upepo unamchukua. Atakaa miaka kadhaa bila kukanyaga nchi kavu, na atakapotaga au kuatamia kwa mara ya kwanza atakuwa na umri wa miaka kama 10. Miaka hiyo yote atakuwa akipita kwenye maji yale yale yenye kamba.