Mzoa Taka Aongeze Huduma ya Kunyonya Vyoo?

Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo kamati nyingi za miradi hukutana nalo. Kikundi kinachozoa taka mitaani kwa mkokoteni na guta kimesimama vizuri, na sasa kinaomba mkopo ili kianze pia kuondoa tope la vyoo. Je, kamati iidhinishe?

Hoja ya wanakikundi huwa na nguvu. Wateja ni wale wale. Tandale kule Kinondoni, au Keko kule Temeke, nyumba zimebanana na gari la majitaka halipiti uchochoroni. Masika ikianza wengine hutapisha vyoo mitaroni. Haja ipo, hatuna ubishi. Lakini haja ya mtaa si faida ya kikundi.

Tukumbuke historia. Mwaka 1994 Halmashauri ya Jiji iliikabidhi kampuni binafsi kazi ya kuzoa taka katikati ya jiji, na mwishoni mwa miaka ya 1990 vikundi vya jamii navyo vikaingia. Taka zilikuwa tele. Kukusanya ada ndiko kulikokuwa kugumu. Kikundi ambacho bado kinazidai ada nyumba nyingi kimalize hilo kwanza. Upande wa vyoo, kati ya 1988 na 1992 mradi wa MAPET, uliosaidiwa na Waholanzi, ulitumia hapa jijini pampu ya mkono na tangi la lita 200 juu ya mkokoteni. Pampu ilifanya kazi, ila vipuri vilileta taabu. Gulper, pampu ya mkono ambayo WaterAid iliitumia Temeke mwishoni mwa miaka ya 2000, fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, na mfanyakazi hana haja ya kuingia shimoni.

Swali linalosahaulika ni hili: tope litamwagwa wapi? Tuchukue mfano wa kufikirika. Mteja analipa sh. 60,000 kwa safari. Vibarua ni sh. 30,000 kwa siku, rejesho la mkopo sh. 40,000. Mahali pa kumwaga pakiwa karibu, mafuta na ada ya kumwaga ni sh. 12,000 na safari ni tatu kwa siku: zinabaki sh. 74,000. Pakiwa mbali, na foleni tunaijua, gharama ni sh. 30,000 na safari ni moja tu: hasara sh. 40,000. Pampu ile ile, wateja wale wale.

Ndiyo maana mtambo mdogo wa kusafisha tope uliojengwa Kigamboni kwa msaada wa BORDA ya Ujerumani ulikuwa na maana. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2016, kutoka kule kulikuwa kupanda pantoni au kuzunguka Kongowe. Vikundi vilivyo jirani na mabwawa ya Vingunguti vina nafuu ya namna hiyo.

Kwa hiyo kamati iombe daftari la ada za taka la miezi 6, na kibali cha maandishi cha kumwaga tope, kabla ya kuzungumzia bei ya pampu. Kibali kisipopatikana, kikundi kinaweza kuwatafutia wateja wenye magari ya majitaka kwa kamisheni, pale gari linapofika. Fedha yake ni ndogo, lakini haihitaji mkopo.