Kibarua na Barua Yake

Leo nataka tujifunze neno moja tulisikialo kila siku: kibarua. Asili yake ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti, akakirudisha wakati wa kulipwa. Pole pole jina la cheti likawa jina la mtu mwenyewe.

Kwetu ni Rwezamenyo, wilaya ya Nyarugenge, mjini Kigali. Mjomba wangu alikuwa kibarua miaka sita katika ofisi moja ya serikali za mitaa, mbali na kwetu. Alifagia ua, alikata nyasi, alichota maji. Siku moja vibarua wakaambiwa kwamba kazi za muda zimekwisha. Hakupewa kiinua mgongo wala barua. Lakini kazi yenyewe haikwisha: kesho yake ua ulifagiwa na mtu mwingine.

Je, ni vibaya kuondoa kazi za muda? La, si vibaya. Lakini njia ni mbili. Ya kwanza ni kumwondoa mtu. Ya pili ni kuuondoa ule muda, yaani kumpa mtu kazi ya mwezi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yafuata njia ya pili: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi.

Hata hivyo, njia hii nayo ina mwiba. Makuli wa bandari ya Mombasa waligoma mwaka 1939, 1947 na 1955. Katika miaka ya 1950 waliandikishwa, na asiyefika siku za kutosha alifutwa. Walioandikwa walipata uhakika wa kazi. Wengine wakabaki nje ya lango.

Basi yafaa tuulize mambo matatu. Je, kazi yenyewe bado ipo? Mtu huyu ameifanya muda gani? Je, ameonywa mapema na kulipwa haki yake?

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio maofisini, orodha ya vibarua ikifika mezani kwenu, msihesabu tu, someni na majina. Mjomba wangu sasa anauza viazi. Hata leo huamka alfajiri, akatafuta ufagio.