Fildi Kingolwira? Usinune

Mdogo wangu wa mwaka wa pili, unayesoma mazingira na maendeleo, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Rafiki yako mmoja kapata muhula nje ya nchi, mwingine kapangiwa shirika la kimataifa pale Masaki, wewe barua yako inasema Kingolwira, Morogoro. Unauliza kama uombe kubadilishiwa. Usiombe. Na wengine mnaosubiri orodha ya vituo itoke, njooni tukae hapa.

Wengi Kingolwira wanaijua kwa dirisha la basi: ukitoka Dar unakaribia Morogoro mjini, milima ya Uluguru imekukalia kushoto, mtu anakuonyesha upande lilipo gereza, mara mmefika Msamvu. Hakuna anayeshuka kupiga picha. Lakini hapo kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya samaki, kuna wakulima, kuna mji unaopanuka na kumeza mashamba, na juu yenu kuna msitu ambao wanasayansi wa dunia nzima wanaufahamu kwa sababu ya ndege na mimea isiyopatikana kwingine. Vyuo vya Marekani vinaleta wanafunzi wao Arusha na Zanzibar kusoma mambo ya namna hii muhula mzima, kwa ada ambayo sitaitaja usije ukazimia. Wewe umepewa kwa nauli ya daladala.

Ukifika, chagua kitu kimoja ukifuate. Mimi ningefuata maji. Mto Ngerengere unashuka Uluguru, unaingia Bwawa la Mindu linalonywesha Morogoro, unazunguka mji na kuelekea mashariki hadi Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza mabomba ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mkulima anayepasua ardhi kwa jembe mlimani na dada anayefungua bomba Kinondoni wana jambo la kuzungumza, ingawa hawajawahi kuonana. Nenda ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, iko hapo hapo Morogoro, uulize nani ana kibali cha kuchota na anachota kiasi gani. Kisha panda juu ukaone maji yanakotoka. Fildi nyingi huwa kiangazi, mito imekonda, na hapo ndipo utaona nani anayagombania.

Huko juu kuna kisa ambacho kila msomi wa maendeleo angepaswa kukijua kabla hajafungua mdomo mbele ya mkulima. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Shambani, kuchimba kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakashuka, na kazi ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo, huko huko Uluguru, na mpango ukafa. Kama miaka 50 baadaye mashirika ya CARE na WWF wakaenda Kibungo, kwenye milima hiyo hiyo, na mradi wa kuwalipa wakulima wanaotunza ardhi ili maji yashuke safi. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar, na Coca-Cola Kwanza. Miongoni mwa kazi zilizolipiwa? Matuta! Safari hii watu waliyachimba. Sisemi pesa ndiyo dawa ya kila kitu, maana miradi ina tabia ya kuondoka na gari lake. Nasema ukaulize wazee wanasimuliaje habari zote mbili, uone kama wanasimulia kama vitabu vyenu.

Na usiishie kwa baba mwenye nyumba. Kwa mila ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume anaweza kuwa analima shamba ambalo kauli ya mwisho si yake, naye akakujibu maswali yote kwa adabu tu. Kingolwira penyewe wamechanganyika watu wa kila kabila na viwanja vinanunuliwa, kwa hiyo usibebe jibu la mlimani ukalibandika barabarani. Uliza upya.

Haya, sasa ya vitendo. Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro, kwa hiyo utakayemtafuta ni mtendaji wa kata, halafu wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa. Barua ya utambulisho itoke chuo, ipite manispaa, ndipo uingie. Piga nakala za kutosha, kila ofisi itataka ya kwake. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Pesa ya fildi kutoka Bodi ya Mikopo inaweza kuchelewa, basi usimwahidi mwenye nyumba tarehe ya bumu. Kabla ya kulipia chumba uliza maji yanatoka siku zipi, na luku ni ya peke yako au ya wapangaji wote.

Ukipangiwa kwenye mabwawa ya samaki, nguo nyeupe ziache nyumbani. Utaingia kwenye tope na wenzako mkivuta kokoro, utahesabu vifaranga mpaka macho yachoke. Usijione umeonewa. Anayehesabu ndiye anayegundua wangapi wamekufa usiku, na ndiye mwenye swali la kuuliza.

Kama maonyesho ya nane nane yatakukuta huko, nenda viwanja vya Mwalimu Nyerere. Maofisa ambao ungewasubiri kwenye benchi wiki nzima wamesimama bandani wanatafuta wa kuongea naye.

Wasichana, hili nalisema bila kuzunguka. Msimamizi anayetaka mkasahihishie ripoti gesti hataki ripoti. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai katika sheria ya TAKUKURU ya mwaka 2007, namba ya kupiga bure ni 113. Hifadhi meseji zake zote, mwambie mtu chuoni siku hiyo hiyo.

Ukikutana na mwanafunzi kutoka nje anayetaka mfanye utafiti pamoja, mkaribishe, ila uliza kama ana kibali cha utafiti cha COSTECH. Na mkikubaliana, mpatane mapema kama jina lako litakuwa juu ya kazi au utabaki mkalimani wa kununuliwa soda.

Ripoti ya Kiingereza ni ya chuo. Ya mtaani andika kurasa mbili za Kiswahili, uzipeleke mwenyewe kwa mwenyekiti kabla hujafunga begi. Kaa naye azisome. Atakuuliza vitu ambavyo msimamizi wako hakuviwaza, kwa hiyo nenda na kalamu.