Neno "Ineffectual" na Sakramenti Zetu

Sisi tunaosoma falsafa kwa Kiingereza hukutana mara nyingi na neno "ineffectual", na wengi wetu hulitafsiri haraka kuwa "isiyofaa". Tafsiri hiyo haitoshi, na tukiingia nayo kwenye somo la sakramenti itatufikisha pabaya.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini efficere, yaani kutenda hadi jambo likamilike. Humo ndimo linamotoka jina causa efficiens, chanzo tendaji tunachojifunza katika falsafa ya Aristoteli, na pia efficax, neno ambalo Vulgata inalitumia katika Waebrania 4:12 kulieleza Neno la Mungu.

Lina ndugu wawili wanaotuchanganya. "Inefficient" ni anayemaliza kazi lakini kwa kupoteza muda na mali: ajaza pipa kwa kikombe cha chai. "Ineffective" husemwa hasa juu ya kitu kisicholeta matokeo yaliyokusudiwa, kama dawa au sheria. "Ineffectual" hupenda kumwelekea mtu na juhudi zake. "The chairman is kind but ineffectual": mwenyekiti ni mpole, ila hana ubavu wa kufanikisha jambo. Mtaani angeitwa goigoi, ingawa goigoi ana uvivu ndani yake, na mwenyekiti huyu huenda anatoka jasho kila siku.

Sasa, padre akiwa "ineffectual", je, sakramenti anazoadhimisha nazo ni hivyo? Katika karne ya 4, Wadonati wa Afrika ya Kaskazini walidai kwamba sakramenti za wahudumu waliolisaliti Kanisa wakati wa madhulumu ni batili. Mtakatifu Augustino aliwajibu kuwa anayebatiza ni Kristo mwenyewe. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ukafundisha kuwa sakramenti hutoa neema ex opere operato, kwa tendo lenyewe kutendeka, wala si kwa utakatifu wa mhudumu. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1131, kwa Kiingereza huziita "efficacious".

Basi kuandika "an ineffectual homily" ni sahihi kabisa. Waamini wanaosinzia watatushuhudia. Lakini "an ineffectual sacrament" ni Udonati ulioingia kwa mlango wa sarufi. Mpokeaji akiweka kizuizi moyoni, sakramenti hubaki halali ila haizai matunda ndani yake, na hapo wanataalimungu wa Kiingereza husema "unfruitful".